Mkalimani wa A Mpaka M

Asubuhi ya baraza Bashiru alikuwa ameshakwenda na kurudi kati ya duka la Mhindi na nyumba ya serikali hata mbwa wa Kibiti wakachoka kumbwekea. Mimi nilikuwa mbele ya duka nafunga magunia ya korosho, kazi niliyoipata baada ya kumaliza sekondari, maana elimu nayo ina mzaha wake. Nikamwambia akae kidogo, ataimaliza barabara kabla malori ya Nyamwage hayajaipitia. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni "agitated", yaani roho haijatulia. Nikamwambia mimi nina njaa, na kwa njaa Kiswahili kinatosha.

Hakucheka. Akageuka, akaenda tena, akarudi tena, kanzu imemganda mgongoni na jua bado halijapanda.

Alichokuwa anakitaka kilijulikana na kila mtu: kazi ya mkalimani. Bwana Shauri wa zamani, yule Mzungu wa serikali anayeamua kesi barazani, alikuwa anajua Kiswahili mpaka cha matusi, lakini huyu mpya, kijana mwekundu shingoni, alikuwa bado anajifunza kitabuni, na mtihani wake wa Kiswahili alikuwa hajaufanya. Mkalimani wa siku zote amehamishiwa Lindi. Ndipo Bwana Shauri akasema atamjaribu Bashiru kwa baraza moja. Akifasiri sawasawa, kazi ni yake. Akiboronga, ataletwa mtu wa Dar es Salaam. Na Bashiru akikosa, pa kwenda ni Mbwera kwa mjomba wake, akakate mikoko na matope yamfike kiunoni. Si kazi ya aibu, ila Bashiru alikuwa na mikono ya kufunulia kurasa, na hata kasia lilikuwa linamtoa malengelenge.

Sasa niwaambie habari ya kamusi, maana bila hiyo hamtamwelewa huyu mtu.

Tulipomaliza darasa la kumi, mwalimu wetu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimpa Bashiru kamusi ya Kiingereza kubwa kama tofali. Ilikuwa imekaa stoo miaka, na mchwa walikuwa wameshaanza kuisoma kutoka nyuma. Walisoma Z, wakasoma T, wakasoma P, wakaja mpaka N, wakashiba. Zilizobaki ni A mpaka M. Mtu mwingine angeitupa. Bashiru aliona amepewa nusu ya lugha nzima, akaamua kuimiliki nusu hiyo kuliko Waingereza wenyewe.

Na alikuwa na namna yake. Hakukariri kama tulivyokariri sisi. Kila neno alilitafutia mtu wa kulivaa. Akisoma neno, anatoka nje, anazunguka Kibiti mpaka ampate mwenyewe. "Loquacious" alimpa Zabibu muuza vitumbua, ambaye ukinunua kitumbua kimoja unapewa na habari za ndoa zote za Umwe. "Lugubrious" alimpa punda wa Mhindi, mwenye uso wa msiba. "Garrulous" na "impertinent", mropokaji na asiye na adabu, alinipa mimi, yote mawili, akasema nina mabega mapana. "Contrite" lilikuwa la Seleman mgema, aliyekuwa analia msikitini kila Ijumaa mpaka ndevu zinalowa, akiapa kwamba tembo la mnazi hataligusa tena. Bashiru alikwenda kumtazama Seleman Ijumaa nyingi kabla ya kumpa lile neno. Alitaka kuhakikisha kwamba analia kwa moyo, si kwa mafua. Aliporidhika akarudi akaniambia kwamba sasa neno hilo analijua, anaweza kuliapia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake: neno ambalo huwezi kuliapia usilitamke. Kwa hiyo maneno ya kuanzia N aliyaacha, hata yale tuliyofundishwa na kuchapiwa viboko, ila vile vineno vidogo visivyoepukika. Mvua, kwa Kiingereza, inaanza na R, basi hakuwa anaitaja. Ikinyesha anasema "inundation", yaani mafuriko, hata ikiwa manyunyu. Mimi nilikuwa namtega kutwa. Namuuliza yule mnyama mwenye pua ndefu kuliko shingo anaitwaje, anajibu haraka, "elephant". Namuuliza kifaru. Ananyamaza, anaangalia chini, namcheka mpaka Mhindi anatoka kuniuliza kama magunia yanajifunga yenyewe.

Basi asubuhi hiyo, katika kwenda na kurudi kwake, ndipo lilipokuja lori la kampuni. Kampuni hiyo ilikuwa imepewa ruhusa ya kukata mikoko huko visiwani upande wa Mbwera, na ina askari wake. Askari wawili wakashuka, na katikati yao akashuka mzee mmoja mfupi, matope yamekaukia miguuni, shoka lake limefungwa kamba kama na lenyewe ni mshitakiwa. Nyuma akashuka mkewe, Bi Mwanamkuu, na furushi kichwani.

Bashiru alisimama katikati ya barabara. Yule mzee alikuwa Bwanaheri, mjomba wake wa Mbwera, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Hata mimi nilikuwa namwita mjomba, kwa kuazima.

Kabla hatujauliza, Bi Mwanamkuu alishaanza kutueleza. Kaka yake Bwanaheri, marehemu Sadala, alifariki kabla ya mvua za masika, hilo tulikuwa tumeshalisikia. Mtumbwi ulipinduka kwenye mkondo ule ambamo ukoo wao umekuwa ukikata boriti tangu zamani, na maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Wakamzika. Hawajamaliza hata kupokea wageni, wakaona mdomoni mwa mkondo, palepale mtumbwi ulipopindukia, pamesimamishwa ubao mpya, mweupe, mrefu kuliko mtu. Juu yake pameandikwa neno moja kwa herufi kubwa nyeusi: POLE. Chini kulikuwa na maneno madogomadogo ya Kizungu kama sisimizi, wakadhani ni jina la mwenye kutoa pole na cheo chake.

"Tukasema hawa watu wana utu," alisema Bi Mwanamkuu. "Kumbe walijua Sadala amekufa."

Wakawa kila wakipita pale na mitumbwi wanapunguza kasia na kuujibu ubao, tumeshapoa, ahsante. Mjane wa Sadala aliufunga kitambaa cheupe. Kisha Bwanaheri akaingia mkondoni na shoka kukata boriti za kumjengea mjane nyumba, maana ile ya zamani ilishalala upande. Askari wakamkuta kwenye mti wa tatu, wakamuuliza kama hakuona ubao. Akawaambia ameuona, na amewashukuru sana. Wakampiga kibao wakidhani anawafanyia dhihaka.

Mimi nilijua, kwa sababu kamusi yangu mimi haikuliwa. Herufi zile nne ukizisoma Kizungu si pole kabisa. Ni mti uliokatwa ukanyooka. Ndiyo boriti yenyewe. Pamoja na yale maneno madogomadogo, ubao ulikuwa unasema boriti za humu ni za kampuni, asiye na ruhusa asiingie. Nikamnong'oneza Bashiru. Nikaona macho yake yanatafuta, yanapita A, yanapita G, yanagonga M na kusimama kama mtu aliyefika mtoni pasipo na kivuko. Herufi P ilikuwa tumboni mwa mchwa.

Nikamwambia akaombe kesi hii apewe mtu mwingine. Akaniuliza nani. Kweli, hapakuwa na mwingine ila mimi, na Bwana Shauri alishanisikia nikimwigiza sauti dirishani siku moja, kwa hiyo jina langu halikuwa na soko. Bashiru akasema atafasiri. Akasema mkalimani hana mjomba wakati wa baraza. Nikamwambia hilo akamweleze Bi Mwanamkuu, nione.

Baraza lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mimi nilipenya nikakaa mbele, pale ambapo Bashiru angeweza kuniona. Bwana Shauri aliingia anapangusa shingo, akasalimia kwa Kiswahili chake cha kitabuni, watu wakaitikia kwa huruma. Bwanaheri akasimamishwa. Bashiru akasimama kati ya mjomba wake na meza, vidole vyake vinacheza pembeni mwa kanzu kama anapiga kinanda.

Mwanzo alikwenda vizuri. Aliyafasiri mashitaka bila kuacha kitu. Bwanaheri aliulizwa kama aliuona ubao, akasema aliuona. Akaulizwa aliuelewaje, akaeleza kama alivyoeleza mkewe, na kitambaa cheupe akakitaja. Bwana Shauri akainua uso. Bashiru akamfafanulia kwamba kwetu neno lile anaambiwa aliyefikwa na jambo, kwamba mzee huyu amesoma Kiswahili mahali palipoandikwa Kizungu, na kwamba pale pale ndugu yake alikufa maji. Alilieleza kwa "condolence" na "bereavement", rambirambi na kufiwa, na kwa "lamentable", ambalo nilijua halikuwa la lazima, lakini siku hiyo nilimsamehe.

Bwana Shauri akacheka kidogo, si kwa ubaya, akamtazama askari wa kampuni mpaka askari akaangalia viatu vyake. Akasema kosa lipo, lakini kila mtu anakosea kusoma. Kama mzee huyu yuko "sorry", atamrudishia shoka na aende kwao.

Nilipumua. Watu wote hawakuelewa neno lakini waliuelewa uso wa Bwana Shauri, nao wakapumua.

Bashiru akamgeukia mjomba wake. "Sorry" ni la S. Kwa hilo hakuwa na kamusi, alikuwa na lile tulilochapiwa viboko tu, nasi tulifundishwa kwamba "sorry" ni pole. Akasema kwa heshima, "Mjomba, Bwana Shauri anauliza kama unasema pole."

Bwanaheri alimtazama kama amesikia vibaya.

"Mimi niseme pole? Kwani aliyefiwa nani?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja nyuma akasema hiyo sasa ni kupindua mambo. Bashiru akafasiri kama alivyosikia: mzee anauliza kwa nini aseme yeye, na aliyefiwa nani. Shingo ya Bwana Shauri ikapanda rangi mpaka masikioni. Alikuwa amefungua mlango, na mtu anaupiga teke mbele ya tarafa nzima. Akachukua kalamu.

Hapo ndipo Bashiru alipofanya jambo ambalo mkalimani hafanyi. Alimwomba Bwana Shauri asubiri. Akasema kosa si la mzee, ni la neno. Akasema "sorry" ni watu wawili waliovaa kanzu moja. Kuna anayehuzunika kwa ajili ya mwenzake, na huyo ni "commiseration". Na kuna anayehuzunika kwa alilotenda mwenyewe, na huyo ni "contrition". Mzee ameulizwa habari ya wa kwanza, naye ndiye mfiwa, kwa hiyo ameona anageuziwa msiba wake. Bwana Shauri anamtaka yupi?

Kalamu ikabaki hewani. Nadhani hakutegemea kusikia maneno yale Kibiti, tena kabla ya saa nne. Akamuuliza Bashiru ameyapata wapi. Bashiru akasema yako kwenye C. Bwana Shauri akasema vema, anamtaka wa pili. Amuulize kama ana "contrition".

Nikataka kupiga makofi. Nikajiambia, yamekwisha, mjomba anakwenda kula nyumbani. Maana Kiswahili kina neno la shughuli hiyo, jepesi, la kila siku, ambalo mtu analisema akipishana na mwenzake kwenye ngalawa, akikohoa, akimkatiza mkubwa wake kauli: samahani. Bwanaheri angelisema bila hata kumeza mate. Nikalitamka kwa midomo tu, nimemkazia Bashiru macho. Sa-ma-ha-ni. Jirani yangu akaniuliza kama meno yananiuma.

Bashiru aliniona. Najua aliniona kwa sababu alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa anamfikiria Seleman mgema. Alikuwa anaziona zile ndevu zilizolowa. Neno lile alikuwa ameliapia, na samahani haikuwa na machozi ndani yake.

"Mjomba," akasema, kisha akaanza upya. "Mjomba, Bwana Shauri anauliza kama unajuta. Kujuta kwa moyo, kwamba ulilolifanya ni baya na ungetamani usingelifanya."

Bwanaheri hakujibu upesi. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayetaka kusema uongo hujibu upesi. Yeye alilifikiria kwa sababu ameulizwa na mtoto wa dada yake kwa maneno yaliyonyooka, akaona swali la namna hiyo lina haki ya kujibiwa.

"Sijui kusoma Kizungu," alisema. "Ningejua ubao unakataza, ningekwenda kwanza kuomba. Hilo mwambie. Lakini ameniuliza kujuta. Nijute nini? Mkondo ule babu yangu alikata, baba yangu alikata, ndugu yangu amefia mlemle. Nilikuwa namjengea mjane. Nikijuta hilo, nitamtazamaje? Mwambie sijuti."

Bado palikuwa na njia. Bwana Shauri haelewi. Bashiru angeweza kugeuka na kusema mzee anajuta sana, hakuna ambaye angemshika ila mimi, na mimi ningeapa mbele ya kadhi kwamba nimesikia hivyohivyo. Nilimwona anageuka. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kucheza. Akasema yote. Babu, baba, mjane, na kwamba angeomba ruhusa kama angejua. Alichagua maneno mazuri, "ancestral" la mababu, "fraternal" la ndugu, alimvisha mjomba wake Kiingereza ambacho hata mawakili hawakipati. Na mwisho akasema, kwa sauti ileile, kwamba mzee hana "contrition".

Bwana Shauri akajikuna shingo. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kupitia, kijana wa watu, lakini masharti alishayatoa mwenyewe, na askari wa kampuni sasa walikuwa wameinua vichwa. Akasema mwezi mmoja, jela ya Utete. Shoka litabaki serikalini. Bashiru akafasiri na hilo. Kisha Bwana Shauri akamwambia Bashiru, mbele ya watu wote, kwamba mkalimani wa namna hii hakuwahi kumpata, na kwamba kazi imeanza leo. Hilo Bashiru hakulifasiri. Nililifasiri mimi, kwa jirani yangu, akasema alhamdulillahi kisha akaona aibu.

Walipumzika kidogo kabla ya kesi nyingine. Nikamfuata Bashiru nje nyuma ya lori, nikamshika kanzu. Nilikuwa nimejiandaa kumtania, ndiyo kazi yangu, lakini kilichotoka hakikuwa mzaha.

"Ulikuwa na samahani mdomoni. Neno la bure kabisa."

"Samahani mtu anasema akikukanyaga gulioni," akanijibu. "Bwana Shauri hakuuliza kama mjomba amemkanyaga."

"Na mwisho? Ungesema anajuta, nani angejua?"

"Mjomba angejua. Angerudi Mbwera bila kufungwa, akajiuliza kwa nini. Halafu angenijia aniulize."

Alikuwa anasema huku anatembea, hatua mbili huku, mbili kule, nyuma ya lori hapakuwa na nafasi zaidi. Nikamwambia asimame, ananitia kizunguzungu. Hakuweza.

Askari wakamleta Bwanaheri kumpakia. Bashiru akamsogelea, akamshika mkono kama anavyoshikwa mkubwa, kwa mikono miwili, akainama. Sikuona uso wake. Nilimwona mzee tu, anamtazama kisogo mpwa wake.

"Niliyosema yalifika?" Bwanaheri akauliza.

"Yalifika, mjomba."

"Hata la mjane?"

"Yote."

"Basi," akasema mzee, akavuta mkono wake, akakanyaga gurudumu na kupanda mwenyewe, akawakatalia askari kumsukuma. Lori likaondoka kwa njia ya Utete na vumbi lake likatubakia sisi.

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama kando na furushi lake. Bashiru alimwamkia shikamoo. Yeye akawa analifunga upya lile furushi, fundo likawa gumu, likahitaji meno. Bashiru akasubiri. Ndani wakamwita, kesi ya pili imefika, akaenda.

Nikabaki na yule mama. Sikujua nikae au niondoke. Nikamwambia nitamtafutia mtu anayekwenda Utete kwa miguu, wapo wanaoondoka baada ya adhuhuri, wafuatane. Akaitikia kwa kichwa. Kutoka dirishani ilikuwa inasikika sauti ya Bashiru, Kiswahili kinaingia, Kiingereza kinatoka, Kiingereza kinaingia, Kiswahili kinatoka.

"Anasema nini sasa?" akaniuliza.

"Mbuzi wa mtu wa Umwe wamekula mpunga wa jirani."

"Hivyo ndivyo anavyosema kwa Kizungu?"

"Ndivyo, ila anarefusha."

Akasikiliza. Alisikiliza kitambo, uso ameuelekeza dirishani, kama anayesikiliza mtoto anayesomeshwa Kurani chuoni na kungojea akosee herufi.

"Hakwami," akasema.

Sikujua kama alikuwa anamsifu. Akajitwika furushi, akaiweka sawa kanga yake, akaniambia hatangoja hao wa adhuhuri, njia ya Utete anaijua.